Udongo wa Nyuma ya Banda

Asubuhi duara lilipoonekana, Bi Udongo alidhani macho yanamdanganya. Alikiinua kisahani kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakirudisha mezani, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu, akarudi kukitazama tena. Duara lilikuwa palepale. Kisahani kizima kilitandwa utando mweupe wa kijidudu kilichotoka wodini, lakini pembeni kidogo, kuizunguka punje moja ya udongo isiyofika ukubwa wa kichwa cha kiberiti, palikuwa wazi, kana kwamba mtu amepitisha kidole chenye sabuni. Hapo utando ule haukuota. Kitu fulani ndani ya punje ile kilikuwa kimeua.

Alitaka kupiga kelele, ila hakuwa mtu wa kelele. Alisimama tu, mkono kifuani, akamwambia fundi wa maabara aliyekuwa akiosha chupa kwamba kama ana nafasi aje aangalie kitu, si lazima sasa hivi.

Hilo la Bi Udongo halikuwa jina lake. Alibandikwa na wenzake chuoni, kwa sababu hakuwahi kwenda mahali akarudi mikono mitupu. Akienda mazishini, anarudi na udongo wa kando ya makaburi. Akienda harusini, anarudi na tope la nyuma ya ukumbi, viatu vyake vya sherehe vimeharibika. Ndugu zake nao walishamzoea. Wageni wa watu wengine huja na sukari au matunda. Wa kwake walikuja na kifuko cha mchanga kilichofungwa fundo, pamoja na maelezo marefu ya mahali ulipochimbwa. Fundi alikuwa akimtania kwamba siku akiposwa, wakwe wasihangaike na mahari, walete lori la kifusi tu, atakubali hata kabla ya kumwona bwana harusi.

Na kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Ndani ya udongo wanaishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, na hawaishi kwa amani. Wanagombania chakula na nafasi, na silaha yao ni sumu. Sumu hizo ndizo zilizowapa watu antibayotiki nyingi wanazozijua, na sasa antibayotiki hizo zinashindwa moja baada ya nyingine, kwa sababu vijidudu vya maradhi vimezizoea, vinazipuuza. Ilibidi apatikane mpiganaji mwingine, mwenye silaha ambayo maradhi hayajawahi kuiona. Profesa, mkuu wa maabara, alikuwa akimtafuta mpiganaji huyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Adui waliyemtumia kupimia alitoka hospitali ya ng'ambo ya uwanja, kwenye kidonda cha mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji. Kidonda kilikataa kufunga. Daktari wa wodi alijaribu dawa hii, akajaribu ile, mwishowe akawapelekea usaha kwenye kichupa, akawaomba wamtazame huyo. Wakamwita Jabali. Dawa walizomwekea alizipita kama mtu anayepita manyunyu. Iliyobaki ni moja tu, dawa ya akiba, ambayo hospitali huifungia kabatini kwa sababu inaumiza figo, na kwa sababu ikishindwa hiyo hakuna nyingine nyuma yake.

Sasa, chumba walichofanyia kazi hii kilikuwa mwisho wa korido, chembamba, kina kabati la joto linalonguruma na dirisha moja linalotazama matangi. Kilikuwa chumba cha mashaka. Kamati ya idara ilishachoka. Miaka yote hiyo, ilisema, tumeona udongo unaingia, hatujaona dawa inatoka. Mkuu wa kitengo cha kupima maji, ambaye wote walimwita Bwana Maji, alikitaka chumba hicho, naye hakuficha; mara kwa mara alipita na futi ya kupimia, akajifanya anatafuta mtu. Mwisho wa mwezi kamati ingekaa. Bila kitu kipya mkononi, utafutaji ungefungwa, na Bi Udongo angehamishiwa kwa Bwana Maji akapime maji ya mabomba mpaka azeeke.

Ndiyo maana Profesa alipoitwa na kuonyeshwa duara, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akainama juu ya kisahani.

"Udongo wa wapi huu?" aliuliza hatimaye.

"Kwa shangazi yangu," Bi Udongo alijibu. "Nyuma ya banda la kuku."

Profesa alicheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Alisema nguvu kama ile hajaiona kwa chochote isipokuwa ile dawa ya akiba. Kisha akaondoka kwa hatua za haraka, shati bado limemtoka nje ya suruali, kwenda kumwambia mwenyekiti wa kamati.

Shangazi ndiye aliyemlea Bi Udongo tangu kaka yake, yaani baba wa binti, alipofariki. Kuku ndio waliomlipia masomo yote, kuanzia sare ya darasa la kwanza mpaka kofia ya mahafali. Na wazo la udongo lilikuwa la shangazi mwenyewe. Alipiga simu akasema kuku wa majirani wanakufa kama mchezo, lakini wa kwake hata mafua hawayajui. Lazima ardhi yake ina kitu. "Wewe si unatafuta dawa? Basi pima na huku, au kwa sababu ni kwa shangazi yako ndiyo unapadharau?" Bi Udongo alilifikiria jambo hilo kisomi, akaliona lina mantiki. Pasipo na ugonjwa huenda kuna kinachouzuia. Shangazi alichimba mwenyewe, akajaza kopo la maziwa ya unga, akalituma na binamu.

Katikati ya lile duara, kando ya punje, kilikuwa kimeota kidoa cha rangi ya krimu, kinang'aa kama tone la mafuta. Huyo bila shaka ndiye muuaji. Bi Udongo alimchukua kwa ncha ya waya, akamtenga na wengine, akamkuza peke yake kwenye kisahani safi, akampa jina la Shujaa. Daktari wa wodi alisikia habari, akaja mwenyewe na koti lake jeupe, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Bi Udongo alianza kumweleza kwamba hata ikiwa kweli, kutoka kisahani mpaka sindano ni safari ya miaka. Daktari alimkatiza kwa upole. Alisema analijua hilo, na mgonjwa wake hatangoja. Alitaka tu kusikia kwamba kitu kipo.

"Kipo," Bi Udongo alisema, na masikio yakamwaka moto kwa furaha.

Basi akamweka Shujaa uso kwa uso na Jabali, ili apigane peke yake. Kesho yake Jabali alikuwa ametanda kisahani kizima, na Shujaa amekaa katikati yake mnene, ametulia, hajaua hata jirani.

Bi Udongo hakukata tamaa. Jambo hilo hutokea. Kiumbe aliyezoea taabu ya ardhini, ukimpeleka maabara akala akashiba, mara nyingi huacha kutengeneza silaha; apigane na nani, wakati chakula kimejaa? Akampunguzia chakula. Shujaa akakonda lakini hakuua. Akamwongezea. Akanenepa, hakuua. Akamweka penye joto, akamweka penye baridi, akamtikisa kwenye mashine siku nzima, akamwacha atulie. Akamchemshia supu ya udongo wa kwao ili asione ugeni. Akampa majirani wa kumchokoza, kwa sababu wapo wasiotoa makucha mpaka wachokozwe. Shujaa aliishi nao vizuri sana.

"Huyo ni shemeji yangu mtupu," fundi alisema, akiinama juu ya kisahani na mikono yake imejaa povu. "Alipokuja kuchumbia alipasua kuni za mtaa mzima. Tangu aoe, shoka analiona kama picha ya ukutani."

Bi Udongo alicheka, kisha akakirudisha kisahani kabatini. Wiki zilikuwa zinakatika. Alikuwa akiingia kabla ya wengine na kufungua kabati la joto roho ikiwa juu, akitoa kisahani baada ya kisahani, na kila kimoja kilikuwa kimetandwa utando mweupe kutoka ukingo mpaka ukingo. Alianza kumsemesha Shujaa kimoyomoyo, kwanza kwa kumbembeleza, baadaye kwa kumsuta. Nimekukosea nini? Nimekulea kama yai. Alianza pia kuushuku mkono wake mwenyewe. Profesa naye, ambaye mwanzoni alikuja akisugua viganja, sasa alichungulia mlangoni tu.

"Umemfanya nini?" aliuliza siku moja.

Hakusema kwa ukali, na afadhali angesema kwa ukali. Bi Udongo alijibu kwamba hajui, akageukia sinki akaanza kuosha visahani ambavyo havikuwa zamu yake kuosha, kwa nguvu, mpaka kimoja kikapasuka.

Hapo ndipo alipoamua kurudi mwanzo. Alimpigia shangazi, akamwomba udongo zaidi, kutoka palepale. Shangazi alifurahi kupita kiasi. Alituma ndoo nzima, imefunikwa kwa kitambaa kama inakwenda sherehe, na ujumbe kupitia kwa binamu kwamba mtaa mzima unajua sasa kuwa udongo wake unatengenezwa dawa, na kama itahitaji jina yeye hana kinyongo wakitumia la kwake.

Bi Udongo aliunyunyiza udongo ule juu ya Jabali. Kunyunyiza ndiyo ilikuwa njia ya chumba kile. Vitabu vinafundisha kuutenganisha udongo kwanza, kumtoa kila kiumbe mmoja mmoja na kumpima peke yake, lakini hiyo ni kazi ya miezi na inakula vifaa. Profesa alikuwa amebuni mkato: tupa punje moja kwa moja juu ya adui, uone nani anapigana. Na asubuhi visahani vya ndoo ya shangazi vilikuwa vimejaa maduara. Karibu kila punje ilikuwa na la kwake.

Furaha yake haikumaliza hata kikombe cha chai. Alipoviweka visahani chini ya lenzi aliona jambo ambalo halikukaa sawa. Katika duara moja kulikuwa na kidoa cha krimu kama Shujaa. Katika jingine, kidoa cha njano. Katika jingine, ukungu wenye nywele. Na katika mengi hapakuwa na yeyote. Punje kavu, tupu, na kuizunguka Jabali amekufa vilevile.

Alikaa kwenye kigoda akakitazama kisahani. Hapa aliyeua ni nani?

Kulikuwa na jambo ambalo kila mtu katika chumba kile alilijua na hakuna aliyelifanya. Walikuwa na msemo wao, kupika udongo. Maana yake ni kugawa udongo mafungu mawili, moja unalitia kwenye sufuria kubwa ya mvuke mpaka kila chenye uhai kife, kisha unanyunyiza mafungu yote mawili na kulinganisha. Udongo mbichi ukiua na uliopikwa usiue, basi muuaji alikuwa hai. Ni hatua ndogo, ya asubuhi moja. Zamani waliifanya kila mara. Lakini miaka ya kutopata kitu iliwachosha. Upike wa nini, kama hata ule mbichi hauui? Polepole sufuria ya mvuke ikabaki ya kuulia takataka tu, na siku duara lilipotokea, furaha iliwapita mbio wote, wanafunzi na walimu, na hakuna aliyekumbuka kupika.

Alimwomba fundi awashe sufuria. Fundi aliuliza anapika nini. Alisema udongo. Fundi hakutania.

Kesho yake, udongo uliopikwa, udongo uliokufa kabisa, ulikuwa umetoa maduara safi, yenye ukubwa uleule.

Hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba muuaji hakuwa kiumbe hai. Jabali aliuawa na dawa moja tu duniani, walivyojua wao, na si ajabu Profesa aliona nguvu yake inafanana. Lakini alitaka kuwa na hakika, na ilimuuma kushika simu. Alimuuliza shangazi, kama anayeuliza hali ya nyumbani, kuku anawapa nini kwenye maji.

"Dawa ya nguvu," shangazi alisema kwa fahari. "Kila siku, wazima wasiwe wagonjwa. Yule wa duka la mifugo aliniambia wanakua haraka. Kwani unadhani kwa nini wangu hawafi?"

Alimwomba amsomee maandishi ya kwenye pakiti. Shangazi akayasoma kwa kudonoa, silabi kwa silabi, na lilipotoka jina la dawa ya akiba, Bi Udongo aliegemea ukuta. Kumbe dawa ambayo hospitali inaifungia kwa ufunguo ilikuwa inanywewa na kuku kama maji, na kila jioni shangazi, mwanamke msafi, aliosha vyombo vyao na kumwaga mabaki nyuma ya banda.

Bado kulikuwa na swali la Shujaa. Alimpanda kwenye kisahani na kuweka kidonge cha dawa ya akiba katikati. Shujaa aliota mpaka kwenye kidonge, akakizunguka, akakikumbatia. Wala hakuwa muuaji. Alikuwa tu amejifunza kuishi palipomwagwa sumu, na ndiyo maana alionekana peke yake katikati ya duara. Wiki zote zile, alipomnenepesha, alipombembeleza, alikuwa akimlea kiumbe ambaye kipaji chake pekee ni kutokufa kwa dawa ya mwisho.

Profesa alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akiwa amekaa.

"Umeupika," alisema.

"Nimeupika, Profesa."

"Na bado unaua."

"Bado unaua."

Aligeuzageuza kalamu. Nje, watu wa Bwana Maji walikuwa wakishusha mitungi kutoka kwenye gari. "Kamati inakaa kesho kutwa," alisema. "Ungeweza kuupika wiki ijayo. Udongo ni uleule. Wiki ijayo ungekupa jibu hilihili, na chumba kingekuwa bado chetu."

Bi Udongo alitazama vidole vyake. Alimpenda mzee huyu. Ndiye aliyemfundisha kushika waya bila kutetemeka. Profesa aliendelea, sauti imepungua, kwamba wakikifunga chumba hiki hakitafunguliwa tena, na Jabali hatakoma kwa sababu wao wamesema kweli. Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililomnyima usingizi. Alisimama, na kwa kuchanganyikiwa akamwamkia shikamoo badala ya kumuaga, akatoka.

Siku ya kamati picha ya duara iliangazwa ukutani, kubwa kama sinia. Profesa alizungumza vizuri. Hakusema uongo wowote. Alieleza udongo, kunyunyiza, Jabali, na uwezekano. Neno uwezekano alilirudia mara nyingi. Bwana Maji alikaa nyuma na mikono kifuani. Mwenyekiti, mama mwenye sauti ya taratibu, alipomaliza kuandika alimgeukia Bi Udongo, kwa adabu tu, kama mtu anavyomuuliza mgeni kama ataongezewa chai.

"Binti, una la kuongeza?"

Alianza kwa sauti ya chini. Akaambiwa anyanyue sauti kidogo. Alimtazama Profesa, na Profesa alikuwa akitazama meza.

"Si dawa mpya," alisema. "Ni dawa ya kuku."

Kuna aliyecheka. Akaeleza, kwanza kwa vipande vipande, kisha neno likavuta neno. Alieleza udongo uliopikwa, ndoo, na pakiti ya shangazi yake. Alieleza kwamba kosa la kutopika ni lake, na kwamba kile walichokipata kweli ni kijidudu kisichosikia dawa ya akiba, na wanapaswa kukiogopa, kwa sababu wenzake wamejaa nyuma ya kila banda ambako maji kama yale yanamwagwa. Kisha akakaa.

Mwenyekiti alimshukuru kwa uaminifu wake. Aliagiza uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Halafu kikao kikaendelea, na uaminifu ukaandikwa jina lake, na chumba kikaandikwa jina la Bwana Maji.

Kwenye korido Profesa alimpita, akasimama, akarudi hatua. Alisema amefanya sawa. Alilisema kama mtu mwenye jino bovu. Kisha akamwomba wasionane mpaka Jumatatu, akaenda zake, na mgongo wake ulionekana wa mtu mwingine.

Bi Udongo alivuka uwanja akamtafuta daktari wa wodi, kwa maana alikuwa amemwambia kwamba kitu kipo. Alimkuta mlangoni, glovu mkononi. Alimwambia kwamba kitu hakipo. Daktari aliitikia kwa kichwa. Mgonjwa alikuwa ameanzishiwa dawa ya akiba, homa imeanza kushuka, figo wanaziangalia. Bi Udongo alimweleza habari za Shujaa. Daktari alianza kuivuta glovu, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo na ya kabatini nayo inaondoka," alisema. Hakuwa akiuliza.

Siku ya mapumziko Bi Udongo alikwenda kwa shangazi. Alipokelewa kama bibi arusi. Shangazi alikuwa amevaa nguo nzuri, na majirani wawili watatu walijisogeza ukutani kusikia dawa imefikia wapi. Bi Udongo alisubiri waondoke, na hawakuondoka upesi. Walipobaki wawili uani, alisema. Alichagua maneno yote laini aliyokuwa nayo, na bado yalitoka magumu.

Shangazi alikuwa akipepeta chakula cha kuku, akaendelea kupepeta.

"Kuku hawa ndio waliokusomesha," alisema.

"Najua, shangazi."

"Ukasoma, ukasoma, ukarudi kuniambia wanaua watu."

"Si kuku. Ni ile dawa kila siku, hata wakiwa wazima."

"Nikiacha, watakufa kama wa jirani. Umewaona wa jirani? Amebaki na jogoo na machozi." Aliweka ungo chini. "Haya, niwape nini?"

Bi Udongo alitaja yale aliyoyajua: banda pana zaidi, usafi, chanjo, kumtenga mgonjwa, mganga wa mifugo. Hata yeye alijisikia anavyosoma kama kijitabu. Banda pana lingejengwa wapi, wakati ukuta wa jirani ulianzia pale pale uchafu wa banda ulipoishia?

"Sikuulizi hayo. Nauliza dawa. Si wewe unayetafuta dawa?"

"Ndiyo."

"Umepata?"

"Sijapata. Na chumba wamekifunga."

Shangazi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema, na hasira ikapungukiwa na mahali pa kukaa. Lakini hakuiacha. "Basi usinizuie yangu mpaka upate yako," alisema, akaingia ndani, akarudi na maji ya kunywa akampa kwa mkono mmoja, bila kumtazama.

Bi Udongo alikunywa. Kisha akamwambia habari za yule mama wa wodini. Alimwambia jinsi anavyolala ubavu kwa sababu ya kidonda, na mtoto wake analetwa kunyonya kisha anaondolewa haraka, na kwamba kinachomshikilia sasa ni ile dawa iliyoandikwa kwenye pakiti ya shangazi. Hakuongeza somo. Shangazi alisikiliza akiwa amegeukia banda.

Kando ya mlango wa banda ilikuwako ndoo ya maji ya dawa aliyochanganya asubuhi, bado imejaa. Shangazi aliiinua ghafla kwa mpini, kama aliyechoshwa na kuiona, akaanza kwenda nayo nyuma.

"Hapo usimwage, shangazi."

Shangazi alisimama. "Nimwage wapi?"

Bi Udongo akafikiria mfereji. Mfereji ulishuka mpaka kijitoni, na hata kutoka hapo walisikia watoto wakirushiana maji. Kando ya ukuta yalikuwa matuta ya mchicha. Chooni, na shimo la choo halikuwa mbali na kisima cha jirani. Miaka yote ya chuo, na hakuna aliyewahi kumfundisha mahali pa kumwaga ndoo moja ya maji.

"Niambie," shangazi alisema. Ndoo ilikuwa imeanza kumlemea.

Bi Udongo alisogea, akaushika mpini upande wa pili. Wakasimama hivyo, ndoo katikati yao, maji yakichezacheza ukingoni. Na kuku, walipoiona imeinuliwa, walitoka bandani mmoja mmoja, wakawakusanyikia miguuni, wakidhani ni wakati wa kunywa.